Zabuni ikishatolewa, nani huandika yaliyosemwa?

Uandishi wa kumbukumbu hufunzwa katika kila shule ya upili nchini. Mwanafunzi hujua kupanga waliohudhuria, waliotuma udhuru, ajenda, yatokanayo na shughuli nyinginezo. Ajabu ni kwamba ujuzi huo hupotea pale unapohitajika zaidi, yaani katika mikutano inayofanyika baada ya serikali kutoa kazi kwa mwanakandarasi. Leo ninanuia kuonyesha kwamba tatizo hili, ambalo wengi huliona kuwa la wahasibu na mawakili, ni la lugha pia.

Tuanze na istilahi. Kuzabuni, kwa asili, ni kutaja bei ya kitu mnadani. Zabuni basi ni ushindani wa bei. Kandarasi ni kazi yenyewe inayofanywa kwa makubaliano, nao mkataba ni makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa saini. Vyombo vya habari huyachanganya maneno haya na hata kuandika kwamba kampuni fulani 'imetuzwa' kandarasi, utadhani imeshinda mbio. Kampuni hupewa kandarasi. Hutuzwi kwa kazi ambayo bado hujaifanya.

Sheria inazitenganisha hatua hizi. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka wa 2015, mshindi hupewa arifa kwanza. Mkataba hauwezi kutiwa saini kabla ya siku 14 kupita, na hadi utiwe saini kwa maandishi, hakuna mkataba. Neno lenyewe linatukumbusha hilo. Mkataba, katibu, kitabu na maktaba yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Mkataba usio na katibu ni kama kitabu kisicho na kurasa.

Mkataba ukishatiwa saini, mazungumzo hayakomi. Kuna kikao cha kumkabidhi mwanakandarasi eneo la kazi, vikao vya kila mwezi vya kukagua maendeleo, kisha kikao cha kuipokea kazi. Hapo ndipo mengi hubadilishwa kwa mdomo. Huku Mkomani, niliwahi kuketi na wakazi waliokuwa wakijadili mtaro wa maji ya mvua uliokatizwa kabla ya kufika mwisho wa mtaa. Mzee mmoja alisema, "Sisi tulishaambiwa utaongezwa. Mwanakandarasi mwenyewe kasema, na afisa alikuwapo." Nikauliza yaliandikwa wapi. Kijana akatoa simu na kunionyesha ujumbe wa neno moja: Tumeskizana.

Nani ameskizana na nani? Mtaro uongezwe mita ngapi? Nani alipe, na lini? Mvua za masika hazisubiri majibu, na maji yakiingia nyumbani ujumbe ule hauwezi kumbana yeyote.

Hapa sarufi ina lake la kusema. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huturuhusu kumwacha mtenda nje ya sentensi. "Iliamuliwa kuwa kasoro zirekebishwe" ni sentensi sahihi kabisa kisarufi, ila haina mwenyewe. Ukiiongezea "hivi karibuni" au "ikiwezekana", umeifungulia mlango wa kutorokea. Katika hadithi hilo halina neno, lakini katika kumbukumbu za mradi wa umma ni hatari. Linganisha na mfano huu wa kubuni: "Kumb. 4: Mhandisi wa mradi aliomba mtaro uongezwe kwa mita 40. Mwanakandarasi atawasilisha gharama kwa maandishi kabla ya tarehe 14 Machi. Mhandisi atawajibu wakazi kabla ya tarehe 21 Machi." Mtenda yupo, kipimo kipo, siku ipo.

Tofauti ya kumbukumbu na muhtasari pia ni muhimu. Wenzetu wa Tanzania husema 'muhtasari wa kikao' wakimaanisha kumbukumbu, na hawajakosea kimatumizi. Hata hivyo, muhtasari kwa maana yake ya msingi ni ufupisho, na mfupishaji huchagua cha kuacha. Kumbukumbu inatokana na kukumbuka, hivyo hupimwa kwa uamuzi uliohifadhiwa. Kuthibitisha kumbukumbu katika kikao kinachofuata ndiko huyageuza maneno ya katibu kuwa maneno ya wote, na 'yatokanayo' ndicho kipengele kinachouliza: tuliloahidi limefanyika?

Kwa nini tujisumbue? Sheria ile ya 2015 inataka mabadiliko ya mkataba yaidhinishwe kwa maandishi. Kiasi cha kazi ya ujenzi hakipaswi kubadilika kwa zaidi ya asilimia 20, wala bei ya jumla kupanda kwa zaidi ya asilimia 25 ya bei ya awali. Pasipo rekodi, nani atajua mpaka umevukwa? Rekodi za ununuzi nazo huhifadhiwa kwa angalau miaka 6, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 humpa afisa siku 21 za kumjibu mwananchi anayeziomba. Mombasa inalijua hili. Mnamo Mei 2022, Mahakama Kuu mjini humu iliamuru serikali itoe hati za mradi wa reli ya SGR, katika kesi iliyohusisha wanaharakati wa Okoa Mombasa. Lakini mahakama huamuru kitolewe kilichoandikwa. Kisichoandikwa hakina wa kukitoa.

Suala la mwisho ni lugha ya kumbukumbu zenyewe. Kikao huendeshwa kwa Kiswahili, tena cha Kimvita, kisha katibu akaandika kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mama aliyesema "maji yaingia jikoni" ana haki ya kuyasoma maneno yake na kuyathibitisha kabla hayajageuka 'changamoto ya mazingira'.

Basi mradi ukija mtaani kwenu, ulizeni mapema katibu ni nani, ombeni nakala, na kila uamuzi uwe na jina, kipimo na tarehe. Nao walimu wa Kiswahili wana mfano wa kufundishia ulio hai kuliko mkutano wa chama cha wanafunzi: mtaro ulio nje ya lango la shule.