Kabla hujafunga mota kwenye baiskeli ya mizigo, hesabu meno

HARUFU ya waya unaoungua ndiyo iliyonirudisha darasani. Ilikuwa mwaka 2023, kwenye mlima wa kutoka Nyanza-Lac kwenda Mabanda, kusini mwa Burundi. Shemeji yangu alikuwa juu ya baiskeli tuliyoifunga mota ya umeme, nyuma amepakia madumu manne ya mawese na gunia la dagaa. Mimi nilikuwa namfuata kwa miguu, nikisukuma pale ilipobidi.

“Mwalimu, mbona kuna kitu kinanuka?” aliniuliza.

Kabla sijamjibu, mota ikanyamaza. Akashuka, akagusa kitovu cha gurudumu la nyuma, akaurudisha mkono haraka kama mtu aliyegusa sufuria jikoni.

Mota ile ilinunuliwa kwa akiba ya mke wangu, ambaye huuza mawese na dagaa mpakani Mugina. Kwa miezi 14 alikuwa akiweka kidogo kidogo. Wenzangu mnaovuka kwenda Manyovu mnakumbuka hali ilivyokuwa: petroli ilikuwa haba, nauli ya pikipiki ilipanda, na mwenye mzigo mdogo ndiye aliyeumia zaidi. Aliyetuuzia mota alituhakikishia kuwa ingepanda mlima wowote, nasi tukamwamini. Siku ile mke wangu hakusema neno. Alikodi pikipiki, akapakia madumu yake, akalipa nauli aliyodhani ameshaachana nayo.

Aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa mimi ni mwalimu, na somo hili nilifundishwa mapema. Nilikimbia nchi mwaka 1993 nikiwa na umri wa miaka 11, nikasomea katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, hadi niliporejea mwaka 2008. Hatukuwa na maabara. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na baiskeli yake aina ya Phoenix, na siku moja aliipindua juu chini mbele ya darasa, akafunga chaki kwenye tairi na kutuamuru tuhesabu. Pedali ikizunguka mara moja, chaki inazunguka mara ngapi? Alituambia kuwa gia haizalishi nguvu. Inabadilishana tu: ukitaka msukumo zaidi utatoa mwendo, ukitaka mwendo utatoa msukumo.

Basi turudi kwenye meno. Baiskeli yetu ina meno 48 mbele na 20 nyuma. Gawanya, utapata 2.4. Tairi yake ya inchi 28 ina mzunguko wa karibu mita 2.2, kwa hiyo pedali ikizunguka mara moja baiskeli inasogea zaidi ya mita tano. Kwenye tambarare hilo ni jambo zuri. Kwenye mlima, ukienda kilomita 6 kwa saa, miguu itazunguka mara 19 tu kwa dakika, na kila mzunguko ni kama kupanda ngazi umebeba mtu mgongoni. Ndiyo maana watu hushuka na kusukuma. Si uvivu.

Sasa weka mota. Chukua baiskeli, betri, mpandaji na mzigo, jumla kilo 200. Kupanda mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100 za barabara, kwa kasi ya kilomita 8 kwa saa, kunadai takriban wati 300 kwenye gurudumu. Mtu mwenye afya hawezi kutoa zaidi ya wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu. Zinazobaki zitoke kwenye mota.

Unaweza kusema, mota yetu iliandikwa wati 500, mbona iliungua? Hapa ndipo wengi tunapotapeliwa, na pengine muuzaji mwenyewe hajui. Mota inayofungwa katikati ya gurudumu haina gia ya kubadilisha. Inazunguka kwa kasi ya gurudumu, basi. Imeundwa ifanye kazi vizuri gurudumu likienda mbio, kilomita 20 au zaidi kwa saa. Ukiilazimisha kukokota mzigo mlimani kwa mwendo wa mtu anayetembea, inanyonya umeme mwingi kutoka kwenye betri, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto ndani ya waya zake. Miguu ya shemeji nayo haikuweza kusaidia, kwa sababu ya yale meno 48 kwa 20.

Zipo mota za gurudumu zenye gia ndogo ndani yake. Hizo ni nyepesi na zina msukumo mzuri zaidi wakati wa kuondoka, lakini gia zile mara nyingi ni za plastiki ngumu, na mzigo wa milimani huzitafuna. Dawa nyingine ni kupunguza gurudumu: mota ileile ikifungwa kwenye gurudumu la inchi 20 badala ya 28, msukumo wake barabarani unaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Ndiyo sababu baiskeli nyingi za mizigo za Ulaya zina magurudumu madogo, jambo lililokuwa likinichekesha nilipoziona pichani.

Tulichofanya sisi, baada ya kukopa, ni kununua mota ya kati, ile inayokaa kwenye pedali. Nguvu yake inapitia mnyororo na gia za nyuma kama nguvu ya miguu. Ukipunguza gia, mota nayo inapata nafuu, inazunguka haraka na haipati joto. Mbele tukaweka meno 32, nyuma tukafunga gia saba za baiskeli ya milima ya mtumba, kubwa kabisa ikiwa na meno 34. Sasa pedali ikizunguka mara moja tunasogea kama mita 2.1. Kwa kilomita 6 kwa saa, miguu inazunguka karibu mara 48 kwa dakika, mwendo ambao mtu anaweza kuuvumilia.

Kabla hujanunua mota ya namna hii, pima upana wa bomba la fremu linalopitisha ekseli ya pedali. Mota nyingi za kati zimetengenezwa kwa bomba la milimita 68 hadi 73. Baiskeli nyingine za zamani zina bomba pana zaidi, na fundi atakuahidi kulikata au kulichomelea. Mkatalie.

Shida ya mota ya kati ni mnyororo. Miguu na mota vyote vinavuta hapohapo. Lazima uache kukanyaga na uiachie mota kidogo kabla ya kubadilisha gia, la sivyo utasikia mlio ambao hutausahau. Mnyororo wa gia saba ni mwembamba kuliko ule wa baiskeli yenye gia moja, nao huisha mapema. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka pini ya kwanza hadi ya 25. Mnyororo mpya ni sentimita 30.5. Ukifika 30.8, ubadilishe, maana utaanza kula meno ya gia.

Wapo waliotushauri gia za ndani ya habu, mfano wa Sturmey-Archer ya gia tatu. Ni kitu kizuri, vumbi na mvua havigusi gia zake. Lakini gia yake ndogo inapunguza mwendo kwa robo tu, na ikivunjika hapa kwetu, kipuri utakitoa wapi? Gia za mtumba tunazipata Kasulu na Kigoma. Kwangu mimi hiyo ilitosha kukata shauri.

Haya yote ni ya watu wa milimani. Anayebeba mizigo kati ya Bujumbura na Gatumba, au kwenye tambarare ya Rusizi, asihangaike. Gia moja na mota ya gurudumu vitamfaa, mnyororo wake utadumu, na pesa itakayobaki anunue breki nzuri.

Breki, kwa kweli, nilitakiwa nizitaje mapema. Wale vijana wanaoteremka na ndizi kutoka Bugarama, wakipanda huku wamening’inia nyuma ya malori, wengi hufunga breki kwa soli ya kiatu. Mota ya kati haikusaidii mteremkoni hata kidogo. Baiskeli yetu ina breki za diski mbele na nyuma, na shemeji hushuka akitembea kwa miguu pale kwenye kona mbili mbaya, mzigo ukiwa mzito.

Mnyororo wa tatu tumeufunga mwezi uliopita. Kila Jumamosi jioni mke wangu hunipa ile futi yake na kusimama hapo mpaka nimsomee namba. Katika ile akiba ya miezi 14, amesharudisha ya miezi tisa.