Masisi na Walikale: jinsi ya kuhesabu watu bila orodha

Sensa ya mwisho nchini Kongo ilifanyika mwaka 1984. Kwa hiyo mtafiti anayefika Masisi ao Walikale hana orodha ya raia ya kuaminika. Anachagua vijiji kadhaa kwa kura, kisha nyumba chache katika kila kijiji. Majibu yao yanasemea wote.

Lakini Masisi raia wanakimbia vita, na Walikale misitu ni mikubwa, barabara ni mbovu. Kijiji kisichofikika kikiondolewa, wanaoteseka zaidi hawahesabiwi, na msaada unaweza kuwapita.

Hapo inafaa kutazama soko la karibu: nani wametoka kule, wanauza nini, muhogo umefika bei gani.

Ukisoma ripoti, uliza kwanza: vijiji gani viliachwa?