KISIKI HAI: MITI ILIYOMO TAYARI MASHAMBANI MWETU

Kila mwaka mvua zinapoanza, parokia na shule nyingi za nyanda za kati hupanda miche. Wageni hualikwa, picha hupigwa, na idadi ya miche huandikwa katika taarifa. Kazi ngumu huanza baadaye. Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Baada ya hapo mche wenye mizizi mifupi hukabiliana na miezi saba ya ukame, pamoja na mchwa na mbuzi. Mingi hufa.

Makala hii inaeleza njia nyingine, ambayo hata asiye na uzoefu anaweza kuianza bila kitalu, bila viriba na bila kumwagilia maji.

Mti uliozuiwa kukua

Wajapani wana ufundi uitwao bonsai. Mti hupandwa katika chungu, matawi na mizizi yake hupunguzwa mara kwa mara, nao huishi miaka mingi ukiwa mfupi. Sisi hufanya jambo linalofanana na hilo bila kukusudia. Mashambani mwetu kuna visiki vya migunga, mikwaju na mipingo ambavyo hukatwa kila tunapoandaa shamba, kisha machipukizi huliwa na mifugo. Mtu hukiona kichaka cha kufika magotini na kukihesabu kuwa takataka.

Tofauti na bonsai iko chini ya ardhi. Mizizi ya kisiki haikukatwa. Ni mizizi ya mti mkubwa, imekwenda chini sana na ina akiba ya chakula. Ndiyo maana kisiki huchipua hata kabla ya mvua. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaongoza machipukizi hayo. Samaki mkunje angali mbichi.

Ilikotoka njia hii

Mwaka 1983 Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia aliyekuwa mmisionari huko Maradi, nchini Niger, alikuwa amekaribia kukata tamaa kwa sababu miche yake ilikuwa ikifa. Siku moja alisimamisha gari kupunguza upepo wa matairi, akagundua kuwa vichaka vilivyomzunguka vilikuwa miti iliyokatwa. Wakulima walianza kuvipogolea badala ya kuvifyeka. Inakadiriwa kuwa njia hiyo imerudisha miti katika hekta milioni 5 nchini humo. Mwaka 2018 Rinaudo alipewa Tuzo ya Right Livelihood.

Mkoani Dodoma, LEAD Foundation na shirika la Justdiggit la Uholanzi walianza kueneza njia hii mwaka 2018 kwa jina la Kisiki Hai, kwa kuwafundisha wakulima ambao nao huwafundisha wenzao vijijini.

Jambo hili si geni kwa wazee wa Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi, lakini wafugaji walilipa gharama kubwa. Kisiki Hai hulinda mti mmoja mmoja, bila kuhamisha ng'ombe wa mtu.

Hatua za kufuata

1. Kuchagua. Wakati wa kiangazi, zungukia shamba na uchague visiki vyenye machipukizi yenye afya. Usichague vingi kuliko unavyoweza kuvitunza.

2. Kupogolea. Katika kila kisiki acha machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine yakate karibu na shina kwa panga kali au msumeno. Kwa yale yaliyobaki, ondoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya kimo, si zaidi. Kata kuelekea juu ili gome lisichanike.

3. Kuweka alama. Funga kitambaa cha rangi ili mlimaji, mchungaji na mkata kuni wajue kuwa mti huu una mwenyewe.

4. Kulinda. Zungushia matawi ya miiba uliyokata. Rudi kila baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya. Shina likinenepa, unaweza kuvuna moja kwa kuni au fito na kuacha mengine yaendelee.

Njia hii haifai kila mahali. Pale visiki vilipong'olewa kabisa, ni lazima kupanda. Miembe na miti mingine ya matunda nayo bado inahitaji kupandwa.

Wajibu wa kamati na wafadhili

Kinachoua kisiki mara nyingi ni moto, mifugo inayoachiwa baada ya mavuno, na mkaa. Mkulima mmoja hawezi kuyazuia hayo peke yake. Kamati ya parokia inaweza kuiomba halmashauri ya kijiji ipendekeze sheria ndogo, ijadiliwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha ipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Wafugaji washirikishwe tangu mwanzo, maana sheria iliyotungwa bila wao haitadumu.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Taarifa ikisema miche 5,000 imepandwa, ulizeni mingapi iko hai baada ya miaka miwili. Kisiki Hai hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji mafunzo, nauli ya anayefuatilia, na uvumilivu wa zaidi ya mwaka mmoja wa mradi.

Kamati zinazotaka kuanza zichague shamba moja lililo karibu na njia, lenye visiki vinavyoonekana, na kupogolea nusu tu ya visiki hivyo. Mvua mbili zikipita, majirani watalinganisha wenyewe.