MADA: KOMPYUTA NA UHUSIANO ULIOJIFICHA KATIKA MAANDISHI YA TIBA

Mtahiniwa, ukiulizwa umuhimu wa kompyuta katika sayansi, usiishie kuandika kwamba "hurahisisha kazi". Taja ni kazi gani, kisha eleza inavyofanyika. Mada hii inakupa mfano mmoja kamili.

Tatizo: maarifa yaliyotengana

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walilala njiani kwenye vibanda vya sakafu ya udongo. Vibanda vya namna hiyo ndiyo makazi ya papasi. Mchana hujificha kwenye nyufa, na usiku hutoka kunyonya damu. (Kumbuka: papasi si mdudu. Ana miguu minane, ni jamii ya kupe.)

Mwaka 1857 David Livingstone aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba kuumwa na papasi huweza kuleta homa. Mwaka 1873 Otto Obermeier wa Berlin alitangaza kwamba ameona bakteria wenye umbo la msokoto katika damu ya wagonjwa wa homa ya kujirudia. Homa ya Berlin ilienezwa na chawa, lakini bakteria wake ni jamii moja na wale wa homa ya papasi.

Taarifa moja ilikuwa katika kitabu cha safari, nyingine katika maandishi ya madaktari. Ilipita miaka zaidi ya 30 kabla hazijakutana. Mwaka 1904 na 1905 watafiti waliokuwa Uganda na Kongo walionyesha kwamba papasi ndiye anayeeneza homa hiyo. Robert Koch naye aliwakuta papasi hao katika vibanda vya njia za misafara za Afrika Mashariki. Joseph Dutton, mmoja wa watafiti wa Kongo, aliugua homa hiyohiyo akafariki Februari 1905.

Kanuni ya A, B na C

Kama A inahusiana na B, na B inahusiana na C, basi huenda A inahusiana na C, hata kama hakuna andiko linalozitaja A na C pamoja.

Mwaka 1986 Don Swanson wa Chicago, Marekani, alitumia kanuni hii. Maandishi ya kundi moja yalisema mafuta ya samaki (A) hupunguza mnato wa damu (B). Ya kundi jingine yalisema wagonjwa wa Raynaud (C), ambao vidole vyao hupauka na kufa ganzi kwa baridi, wana damu yenye mnato mkubwa. Swanson akapendekeza kwamba mafuta ya samaki huenda yakawasaidia. Baadaye majaribio kwa wagonjwa yaliunga mkono wazo lake. Yeye na Neil Smalheiser wakatengeneza programu iitwayo Arrowsmith.

Hatua za programu

1. Hukusanya vichwa vya makala kuhusu A.
2. Hukusanya vile vinavyohusu C.
3. Hutafuta maneno yaliyomo katika makundi yote mawili; hayo ndiyo B.
4. Huondoa maneno ya kawaida mno, kisha huyapanga yaliyobaki kwa uzito.

Hazina ya PubMed ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 30. Hakuna binadamu awezaye kuzisoma zote.

Zingatia

(a) Programu hutoa dhana tu. Uthibitisho hutoka maabara na kwa wagonjwa. Maneno mawili yanaweza kukutana kwa bahati.
(b) Programu husoma kilichoandikwa tu. Wenyeji wa njia ya misafara walikuwa na jina la papasi muda mrefu kabla ya maabara kumchunguza. Maarifa yanayobaki midomoni mwa watu hayaonekani kwenye kompyuta. Lazima kwanza mtu ayaandike.

Jipime

1. Katika mfano wa papasi, onyesha A, B na C.
2. "Dhana si uthibitisho." Fafanua kwa kutumia mfano wa Swanson.
3. Taja udhaifu mmoja wa programu hizi na upendekeze namna ya kuupunguza.