Nunu wa watoto watatu anakamata ngapi?

Bwana akiwa posti ya usiku, anarudi asubuhi na usingizi, hana nguvu ya kuchunga mutoto. Mama naye anatoka saa kumi na moja kukamata samaki na mboga mbele bei ipande. Nyumbani kunabaki watoto watatu: mukubwa ana miaka mitano, wa pili mitatu, na wa mwisho angali ananyonya. Sisi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, nyumba za namna ile tunazijua sana.

Zamani wazee wetu hawakuhesabu sawa sisi. Union Minière, na kisha yake Gécamines, zilikuwa zinatoa posho kufuata muke na hesabu ya watoto, na mama alibaki kambini. Tangu miaka ya 1990, mushahara ulipokawia miezi na miezi, wamama ndio waliobeba nyumba kwa biashara ndogo. Kazi ikawa mbili, lakini mikono ya kulea haikuongezeka.

Basi tuhesabu. Hizi si bei za serikali, ni mufano tu. Kila mutu aweke bei za kwake. Tuseme nunu anaomba 120.000 franga kwa mwezi. Anafanya siku 24. Chakula chake cha saa sita, 1.500 kwa siku, ni 36.000. Akikaa mbali, taksi ya kuja na kurudi, 2.000 kwa siku, ni 48.000. Jumla 204.000. Kreshi inaomba, tuseme, 60.000 kwa kila mutoto: watatu ni 180.000. Lakini ukipata nunu wa avenue ya pili, mwenye kuja na miguu, unarudi ku 156.000. Unaona? Kwa mutoto mumoja kreshi inashinda mbali. Kwa watatu, taksi njo inaamua. Tena kreshi haifuati saa za posti, na mutoto mwenye homa wanamurudisha nyumbani.

Hapo wengi wanakosea: wanakubaliana na nunu juu ya kuchunga, kisha wanaongeza kufula, kuteka maji, kupika bukari ya watu saba, kwa franga zilezile. Mwezi wa pili anakimbia, na wanamuita muvivu. Kama kazi ni tatu, mutaje zote tatu mbele ya kuanza, na bei yake, na tarehe ya kulipa. Akizaliwa mutoto mwingine, mukae tena muongee. Majirani wawili wanaweza kusaidiana nunu mumoja, lakini kwa mawazo yetu watoto wane, na mwenye kunyonya kati yao, ndio mwisho.

Kuna wanaosema: kwa nini tulipe, tutaleta binti wa ndugu kutoka muji. Ana miaka kumi na mbili, haombi kitu. Hapa hatutanyamaza. Binti ule anakula, anavaa, anagonjwa: haiko bule. Na kile anachopoteza yeye hakiandikwe kwenye hesabu ya nyumba. Masomo ya serikali ya primere hayalipwi tangu 2019, basi neno la kukosa minerval limekwisha. Sheria ya kulinda mutoto, ya tarehe 10 Januari 2009, haikubali mutoto wa umri ule afanyizwe kazi hivyo. Na tusisahau mbabula ya moto: mutoto wa miaka kumi na mbili, mwingine mugongoni, wawili wanakimbizana kando ya maji ya kuchemuka.

Wengine wanabeba mutoto mugongoni mupaka kwenye kuosha na kuchagula mawe. Tunaelewa njaa. Lakini vumbi ya pale mutoto anaivuta sawa mukubwa, na mapafu yake ni madogo.

Neno moja kwa wababa. Franga za nunu mara nyingi zinatoka kwenye meza ya mama sokoni, hata pale mushahara wa kampuni umeingia. Kwa nini? Nunu anachunga watoto wa wote wawili. Na yeye pia ameacha wake kwa bibi yao ao kwa jirani, na jirani yule anangojea kitu. Kampuni ikikawia siku kumi, umwambie siku ya kwanza, umupe hata nusu. Deni la pombe linaweza kungoja.