Chaja Inaposita Jua Likiwa Utosini

Katika mialo ya Mwanza, kuanzia Butimba hata visiwa vya Ukerewe, karabai iliyokuwa ikiwavuta dagaa kwa mwanga wa mafuta ya taa imekuwa ikiiachia nafasi taa ya sola, nayo taa hii, licha ya kumpunguzia mvuvi gharama za usiku wa giza, imemletea mashaka asiyoyazoea: paneli imeanikwa tangu asubuhi, taa nyekundu ya chaja imewaka vizuri, kisha saa saba, jua likiwa utosini, inazimika pasipo sababu iliyo dhahiri, na usiku betri haifiki alfajiri. Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo kwamba chaja imekufa. Hununuliwa nyingine, nayo ikafanya yale yale.

Rai yangu ni kwamba chaja iliyosita, katika visa vilivyo vingi, imetii amri, na kazi ya fundi ni kutafuta amri hiyo imetoka wapi kabla hajapasha moto chuma cha kulehemu. Betri ya lithiamu, tangu kampuni ya Sony ilipoitia sokoni mwaka 1991, haijapata kuwa na stahamala ya betri ya gari. Seli ya kawaida sharti ifikishwe volti 4.2 na isizidi, kwa hiyo chaja huilinda kama bawabu, ikipunguza mkondo kadiri kikomo kinavyokaribia, hata mkondo ukibaki sehemu moja ya kumi ya ule iliopangiwa, ikafunga mlango. Basi mita iwekwe kwanza kwenye ncha za seli yenyewe. Ikisoma 4.2 au pungufu kidogo, hapana hitilafu. Lakini ikiwa baada ya muda mfupi, bila kuwasha chochote, volti zinaporomoka hadi 3.8 au chini yake, seli hiyo imekongoka, hujaa upesi kwa jina tu, na chaja haina kosa.

Mita ikionyesha kwamba seli haijajaa, mshukiwa wa kwanza katika mji wa jua kama huu ni joto. Vibao vidogo vya bei nafuu, vile vyenye chipu ya TP4056, haviwezi kuzitumia volti za ziada ila kwa kuzigeuza moto: volti 5 zikiingia, seli ikiwa 3.7, mkondo ukiwa ampea 1, wati 1.3 zinaungua juu ya chipu iliyo ndogo kuliko ukucha, na hayo yote ndani ya kisanduku kilichofungwa kisiingie maji, juu ya bati. Chipu hiyo hujipunguzia mkondo yenyewe ili isiungue. Kwenye chaja zilizotengenezwa kwa uangalifu zaidi mna thamista, yaani kihisi cha joto, iliyobanwa ubavuni mwa betri, nayo joto likipita nyuzi 45 hivi husimamisha kazi kabisa. Kivulini, baada ya kupoa, chaji hurudi, na kurudi huko ndiko ushahidi. Lakini thamista nayo huweza kusema uongo. Ile ya kawaida ina ukinzani wa omu 10,000 katika nyuzi 25, na ukinzani huo hupanda kadiri baridi inavyozidi; waya wake ukikatika, ukinzani hauna mwisho, na chaja husadiki kwamba betri imeganda, hapa Butimba, ambapo barafu haionekani ila kwenye masanduku ya samaki. Ichomolewe, ipimwe, na jambo limekwisha.

Waya mwembamba nao una fitina yake. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, paneli ikiwa mita 10 kutoka kwenye chaja, hula takriban volti 0.7 kwa kila ampea, kwenda na kurudi. Volti 5 zilizotoka zinafika 4.3, na seli inapokaribia kujaa hakuna tena cha kuisukuma. Dalili yake ni taa ya chaja inayowaka na kuzimika, kwa maana mkondo ukikatika volti hupanda, chaja huamka, mkondo ukapita, volti zikaanguka tena. Unyevu wa ziwani ukiula unganisho, matokeo ni hayo hayo. Kadhalika taa isiwashwe wakati wa kuchaji, kwani mkondo inaounywa humfanya bawabu asijue seli imeshiba lini, na chaja yenye saa ya usalama hukata wakati wake ukipita.

Iko pia saketi ya ulinzi, ambayo hukata seli ikishuka volti 2.4 hivi. Hapo mita kwenye waya za nje husoma sifuri, na chaja nyingine hudhani hapana betri. Ndipo fundi mwenye pupa huunga waya kuiruka saketi hiyo, jambo ambalo mimi silihalalishi kwa udhuru wowote, maana ameondoa kizuizi cha mwisho baina ya seli na moto. Njia ya haki ni kupima seli nyuma ya saketi. Ikiwa na volti 2.2, mkondo mdogo, mathalani miliampea 100, utaiamsha taratibu hadi 3, kisha chaji ya kawaida ifuate. Ikiwa imevimba, au imekaa siku nyingi chini ya volti 2, shaba ya ndani imekwisha anza kuyeyuka na yaweza kuunganisha pande zake mbili wakati wa kuchaji. Seli hiyo haifufuliwi, hata mwenye taa akisihi.