Hekima ya Biblia katika maamuzi ya kila siku (3): Mizani ya ghalani

Katika makala mbili zilizotangulia tulianza na kumcha Bwana kama chanzo cha maarifa, kisha tukautazama ulimi. Leo tunashuka ghalani. Msimu wa korosho unakaribia, na kuanzia vijiji vya Kilwa hadi Mtama na Ruangwa watu wanafyeka chini ya mikorosho. Mkristo wa ukanda huu wa Lindi hukutana na mtihani wa maadili mara nyingi zaidi kwenye kilo, kopo na gunia kuliko mahali pengine popote, lakini ni mara chache kusikia mahubiri juu ya kilo.

Biblia yenyewe haioni aibu kuzungumzia kilo. Kitabu cha Mithali kinarudi kwenye mizani mara nne: sura ya 11 mstari wa 1, sura ya 16 mstari wa 11, na sura ya 20 mistari ya 10 na 23. Mfanyabiashara wa Israeli alitembea na mawe ya kupimia ndani ya mfuko, akiyaweka upande mmoja wa mizani na bidhaa upande wa pili. Mdanganyifu alikuwa na mawe ya aina mbili: zito la kununulia, jepesi la kuuzia. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inalishughulikia jambo hili kwa ukali unaostahili kuangaliwa vizuri. Haikatazi tu kuyatumia mawe hayo. Inakataza hata kuwa nayo mfukoni, au kuweka nyumbani vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Mwenye kopo la pili lililobonyezwa chini ya meza amekwisha kuamua, hata kama leo hajampunja mtu.

Mithali 16:11 inakwenda mbali zaidi. Inasema kwamba mizani ya haki ni ya Mungu, na hata yale mawe ya mfukoni ni kazi yake. Sisi tumezoea kudhani kwamba madhabahu ni ya Mungu na mizani ni ya chama cha ushirika. Mwenye hekima anatuambia kwamba vyote viwili vina mwenyewe mmoja. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata yanakuwa wazi.

Tuanze na karani wa mizani. Bibi mmoja ameleta gunia lake kwenye ghala la chama cha msingi. Amelishona kwa kamba ya katani, amelipakia kwenye baiskeli ya mjukuu, na nyumbani alilipima kwa mizani ya jirani. Karani analitupia jicho, anasoma namba, anaandika pungufu ya kilo 2. Bibi akiuliza anajibiwa, “Bibi, hayo ni makato ya unyevu.” Hakuna kipimo cha unyevu kilichotumika. Bibi anaondoka. Sasa tupige hesabu. Kama siku hiyo yamepita magunia 300, kilo 600 zimepata mwenyewe mpya. Kwa bei ya Sh3,300 kwa kilo ambayo Serikali iliitangaza mwaka 2018, hizo ni Sh1,980,000 kwa siku moja. Karani anaweza kujitetea kwamba kilo 2 ni kitu kidogo. Kwa bibi yule ni Sh6,600 kwa kila gunia, na ana magunia manne tu kwa mwaka mzima.

Upande wa pili wa meza yupo mkulima, naye si malaika. Ufuta wa Lindi umewahi kuchanganywa na mchanga ili uzito upande. Korosho mbovu za msimu uliopita huwekwa katikati ya gunia, nzuri zikafunika juu. Ukimuuliza mhusika, jibu liko tayari: “Wao wananipunja, nami najifidia.” Hoja hii ina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Kupunjwa kupo.

Hapa ndipo usomaji wa makini wa Biblia unapotusaidia. Ukifungua Mithali 20:23, yenye onyo la mizani ya hadaa, rudi mstari mmoja nyuma. Mstari wa 22 unamkataza mtu kusema kwamba atalipiza ubaya, na unamtaka amngojee Bwana. Katika kitabu ambacho misemo yake mara nyingi hupangwa bila mfuatano tunaoweza kuuona, hii miwili imekaa pamoja, na kila anayejua maisha ya sokoni ataona kwamba inafaa kukaa hivyo. Mara nyingi mizani ya hadaa huzaliwa na kisasi. Mtu hajioni mwizi, anajiona mdai. Tena mchanga ule haumwendei karani aliyempunja. Ukigunduliwa mnadani, mzigo wote wa ghala unashuka bei, na anayelipa ni bibi mwenye magunia manne. Kisasi cha mizani kimekosa shabaha tangu mwanzo.

Je, kumngojea Bwana maana yake ni kunyamaza? Hapana. Bwana Yesu katika Mathayo 10 anawataka wanafunzi wake wawe na busara ya nyoka pamoja na upole wa njiwa, na wengi wetu tumechukua njiwa tukamwacha nyoka. Pima mzigo wako nyumbani kabla ya kuupeleka. Tazama kama mizani ina alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Usiondoke ghalani bila stakabadhi yenye uzito ulioandikwa mbele yako. Ukikatwa unyevu, omba kuonyeshwa kipimo. Nenda kwenye mkutano mkuu wa chama, useme kwa sauti ya kawaida na kwa namba, na siku ya kuchagua viongozi usimchague mtu kwa sababu tu ni wa ukoo wako au wa kwaya yako. Yote hayo ni utii kwa Mithali, kwa kuwa anayeidai mizani ya haki anadai kilicho cha Mungu.

Jambo gumu zaidi ni kangomba. Wasomaji wa kusini hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wa mbali: ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya chini, mara nyingi kwa kopo au ndoo isiyohakikiwa, na mara nyingine zao likiwa bado ua mtini. Mkulima anatafuta pesa ya salfa ya kupulizia mikorosho, au mtoto amelazwa, au shule inafungua. Jirani mwenye fedha anampa, kwa makubaliano kwamba korosho zikianguka ni zake. Pesa ni ya leo, hasara ni ya Novemba.

Wapo Wakristo wanaofanya biashara hii na kuiita msaada. Kumsaidia mwenye shida ni jambo jema, lakini Biblia inaweka mpaka. Kutoka 22 inakataza kumgeuza ndugu maskini kuwa chanzo cha riba. Kumbukumbu la Torati 24 inaongeza kwamba anayekopesha asiingie nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mwenyewe amletee. Na kama rehani ni vazi la kujifunikia usiku, alirudishe kabla jua halijatua. Sheria hiyo inalinda vitu viwili: heshima ya mdaiwa na kile anachokihitaji ili aamke salama kesho. Weka kangomba mbele ya sheria hiyo. Anayechukua zao zima la mwaka kwa theluthi ya thamani yake amechukua vazi la usiku. Mkopeshaji mwenye hofu ya Mungu atakopesha fedha, atapokea fedha, na korosho atamwachia mwenyewe azipeleke ghalani. Na mkulima anayekubali mzigo wa mnunuzi upite kwa jina lake ili uonekane wa shambani kwake ajue kwamba amekwisha kuigusa amri ya ushahidi wa uongo.

Tuliona mwaka 2018 jinsi dhambi ya wachache inavyobebwa na wengi. Novemba ya mwaka huo Serikali iliamua kuzinunua korosho na kulitumia Jeshi kuzikusanya, kisha timu za uhakiki zikapita vijijini kukagua nani ana shamba na nani ni wa kangomba. Uhakiki huo ulichukua muda, na wakulima waliokuwa na mikorosho yao halali wakakaa wakisubiri malipo. Udanganyifu ukizoeleka, hata mwaminifu hulazimika kuthibitisha kwamba si mwongo.

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni ya uchumi, na kwamba Kanisa lishughulike na roho. Pwani yetu ina sababu ya pekee ya kutokubali mgawanyo huo. Julai 1505 merikebu za Kireno chini ya Francisco de Almeida zilitia nanga Kilwa Kisiwani. Mji uliokuwa ukipitisha dhahabu ya Sofala ukashambuliwa, na mtawala wake, Amir Ibrahim, akakimbia. Masimulizi ya msafara ule yanaeleza kwamba mapadri walishuka wakiwa wamebeba misalaba miwili, wakaandamana hadi jumba la mtawala huku wakiimba wimbo wa shukrani. Msalaba ukasimamishwa, kamanda akasali. Halafu askari wakaanza kupora bidhaa na vyakula vya mji.

Hivyo ndivyo watu wa Kilwa walivyoyaona maandamano ya msalaba mjini mwao: sala kwanza, kisha uporaji. Na mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice, mtu wa taifa lililojiita la Kikristo, alitia saini na Sultani wa Kilwa mkataba wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja. Nabii Amosi, katika sura ya 2, alikuwa amekwisha kuwashutumu waliomwuza maskini kwa thamani ya jozi ya viatu. Katika sura ya 8 anawaonyesha wafanyabiashara wakiwa ibadani, huku wakihesabu saa, wakiuliza mwandamo wa mwezi na sabato vitakwisha lini ili warudi kufungua maghala, wapunguze kipimo, waongeze bei na kuuza makapi pamoja na ngano. Mwili uko ibadani, moyo uko kwenye mizani iliyopindwa. Almeida hakuwa wa kwanza, na asidhaniwe kuwa wa mwisho.

Kwa sababu ya historia hiyo, Mkristo wa Kivinje, Masoko au Lindi mjini hatashuhudia imani yake hasa kwa spika ya kanisani. Majirani zake wengi ni Waislamu, nao wanaijua habari ya mizani vizuri. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inafunguliwa kwa onyo kali juu ya watu wanaopunja vipimo. Mwislamu anayemwona Mkristo akimpimia kwa haki anatambua jambo ambalo dini yake pia inalidai. Akimwona akipunja, hakuna mkutano wa injili utakaomshawishi.

Lazima pia niseme lile ambalo wahubiri wa mafanikio wanaliruka. Mithali haimwahidi mwaminifu kwamba atakuwa tajiri msimu ujao. Sura ya 16 mstari wa 8 inakiri waziwazi kwamba mwenye haki anaweza kubaki na kidogo, huku asiye na haki akiwa na mapato mengi, na bado inachagua kile kidogo. Karani mwaminifu anaweza kujenga nyumba yake kwa miaka kumi wakati mwenzake amejenga kwa miwili. Tusimdanganye. Tumwambie kwamba amechagua vizuri, na jumuiya yake imheshimu kwa hilo hadharani, si kumheshimu yule wa miaka miwili kwa sababu ya ukubwa wa sadaka yake ya mavuno.

Na aliyekwisha kupunja afanye nini? Watu wengi hutubu kwa machozi na kubaki na mali. Mambo ya Walawi sura ya 6 ina utaratibu: aliyemdhulumu mwenzake arudishe mali yote, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe, ndipo alete sadaka yake ya hatia. Ukimpunja mtu Sh10,000, unamrudishia Sh12,000, kisha unakwenda madhabahuni. Hesabu 5:8 inafikiria hata hali ambapo mdhulumiwa hayupo na hana ndugu wa kupokea: mali hiyo haibaki kwa mkosaji, inakwenda kwa Bwana. Zakayo, mtoza ushuru mkuu wa Yeriko, alivuka kiwango hicho. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu kurudisha mara nne. Yesu alitangaza wokovu katika nyumba ile baada ya maneno hayo ya fedha.

Kwa hiyo, kabla ghala halijafunguliwa mwaka huu, mwenye kopo la pili alitupe. Karani aliyewapunja watu anaowafahamu awaendee nyumbani na fedha mkononi. Asiowakumbuka majina, awarudishie kupitia wahitaji wa vijiji vilevile alikochukua, naye asitangaze. Wachungaji, mapadri na makatekista, tuwafuate waumini hadi ghalani siku ya kupima, tusimame pale kama mashahidi, maana mizani nayo ni mali ya Bwana tunayemtumikia.

Wiki ijayo tutatoka shambani twende baharini. Tutasoma amri ndogo ya Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inayomkataza mtu kumtwaa ndege mama pamoja na makinda yake, na tutaiweka mbele ya baruti inayoua samaki na vifaranga vyao na kuvunja matumbawe ya Kilwa.